Shule inasema 1,290, simu inasema 780: mvua ya mlimani tumwamini nani?

"Mtaalamu, habari za kazi. Naishi juu ya Soni, wilayani Lushoto, karibu na ukingo unaotazama Mombo. Kikundi chetu cha wakulima wa mboga tunataka kuchimba bwawa la kuvuna maji ya mvua, na fundi ametuuliza kwetu inanyesha milimita ngapi kwa mwaka. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Programu ya simu inasema 780. Tumepewa pia namba ya zamani ya Lushoto mjini, kama 1,070. Mwalimu wa shule yetu ana kipimamvua na daftari tangu Januari 2023, na wastani wake wa miaka mitatu ni 1,290, ila daftari lina mapengo. Jirani aliye chini yetu kidogo, upande wa Mombo, ana kopo la rangi uani, nalo linasoma pungufu ya shule kwa theluthi nzima. Satelaiti si inaona dunia yote, mbona imekosea? Au mwalimu ndiye anayetupotosha? Tumwamini nani?"

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka, maana ugomvi wenu wa kijiweni ndio huo huo tunaogombana sisi ofisini. Wasiwasi wenu nauona. Mkichimba kwa namba kubwa mtabaki na shimo lisilojaa. Mkichimba kwa namba ndogo, masika ya kwanza maji yatapanda tuta. Na tofauti si ya kupuuzwa. Kati ya 780 na 1,290 kuna milimita 510. Milimita moja ikinyesha juu ya ekari moja ni lita 4,000 na kitu, kwa hiyo kwa kila ekari mnabishania zaidi ya lita milioni mbili.

Kabla ya kumtafuta mwongo, angalieni namba zenyewe zinasema nini. Ya shule ni ya uwanja mmoja, kwa miaka mitatu. Ya jirani ni ya ua mmoja, mahali pengine. Ya Lushoto ni ya mji ulio mahali pengine milimani, kwa miaka ya zamani. Ya simu ni ya mraba mzima wa nchi, na mraba huo hakuna mtu anayeishi ndani yake wote. Hizo ni majibu ya maswali manne, nanyi mmezipanga kama majibu ya swali moja.

Nianze na mlima, kwa sababu bila kuuelewa mlima hata kipimo kizuri kitawachanganya. Kusi hutoka baharini kikiwa kimebeba unyevu, kinapita nyanda za Tanga, kisha kinakuta Usambara imesimama mbele yake. Hakina njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, karibu nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 100, mpaka ifike mahali haiwezi tena kushikilia mvuke wake. Hapo wingu huzaliwa na mvua hushuka. Ndiyo maana Amani, kule Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti mwaka 1902, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka na msitu wake hauishi kutiririka maji. Upepo ule ule ukishavuka migongo yote na kuanza kuteremkia Mombo, hewa hubanwa, hupata joto, na mawingu huyeyuka mbele ya macho yako. Wewe unayeishi ukingoni umeliona hilo mara nyingi: ukungu unamwagika juu ya bonde kama maziwa yanayofurika sufuria, halafu haufiki chini. Mombo wanakoishi kwa mkonge na vumbi ni kivuli cha mvua cha milima yenu.

Kuna imani kwamba kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyoongezeka. Ni kweli nusu. Kilimanjaro, mwinamo wa kusini, mvua huongezeka mpaka kwenye msitu wa mita 2,000 na ushei, ambako hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kisha hupungua, hata juu kabisa chini ya Kibo unakuta jangwa la mawe na baridi. Na mwinamo wa kaskazini, kwa kimo kile kile, ni mkavu zaidi. Kimo peke yake hakitoshi. Lazima uulize mwinamo unatazama wapi na upepo unatoka wapi. Kwenu, mgongo wa mlima hupata mvua inayosukumwa na upepo ikaangukia hata ng'ambo kidogo, halafu ndani ya kilomita chache tu hali hubadilika. Kwa hiyo jirani yenu wa upande wa Mombo kupata pungufu ya shule ni jambo la kutarajia. Theluthi nzima, hapo sasa nina shaka na kopo.

Chukueni kopo hilo mlitazame mdomo. Makopo mengi ya rangi yana ukingo wa ndani wa kubania kifuniko, kwa hiyo mdomo ni mwembamba kuliko tumbo. Tuseme mdomo una kipenyo cha sentimita 14 na tumbo sentimita 16. Mvua inaingia kwa mdomo, lakini mnaipimia kwa rula iliyosimama tumboni. Kumi na nne mara kumi na nne ni 196. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256. Gawanya, unapata 0.77. Maana yake kila milimita 10 zilizonyesha, rula inaonyesha 7.7 tu. Karibu robo ya mvua ya jirani imepotelea kwenye umbo la kopo, wala haikwenda Mombo. Kopo lililonyooka kutoka mdomo hadi kitako halina shida hiyo, na ukubwa wake haujalishi: la maziwa ya unga au ndoo, vyote vikinyooka vitatoa kina kile kile. Halafu muulizeni anasoma lini. Akisubiri mpaka Jumamosi, jua la siku tano limeshakunywa sehemu yake.

Sasa kipimamvua cha mwalimu. Nendeni shuleni na futi ya fundi. Kipimamvua kinatakiwa kiwe wima, mdomo wake ukiwa sentimita 30 hivi juu ya ardhi kwa aina tuliyoizoea Afrika Mashariki, na kiwe mbali na miti na majengo angalau mara mbili ya urefu wake. Kama mgrevilea wa shule una mita 10, mita 20 kutoka shinani ndio umbali mdogo kabisa unaokubalika. Tatizo la kinyume nalo lipo: kikikaa wazi mno ukingoni, upepo hupinda juu ya mdomo na kuyapeperusha matone. Kwa mvua ya kawaida hasara hiyo huwa asilimia chache, mara nyingi kati ya 2 na 10, na hupanda penye upepo mkali. Jambo la kukumbuka ni kwamba makosa mengi ya kipimamvua ni ya kupunguza: upepo, jua, jani kwenye koo la faneli, nyigu waliojenga ndani. Ya kuzidisha ni machache, kama maji yanayodondoka kutoka tawini au kuruka kutoka kwenye sakafu ya saruji. Kwa hiyo mwalimu akisoma kikubwa kuliko simu, sina haraka ya kumshuku.

Ila daftari lake nitalikagua, tena kwa ukali. Nimewahi kupewa daftari la kituo kimoja, sitakitaja, ambalo lilinifundisha zaidi ya vitabu. Karibu kila kipimo kiliishia na 0 au 5. Jumamosi na Jumapili palikuwa na sifuri, mwaka mzima. Halafu Jumatatu inanyesha 41, Jumatatu nyingine 55. Kwa daftari hilo, mvua ya kijiji kile ilikuwa mcha Mungu, haifanyi kazi siku za ibada. Msomaji alikuwa hafiki mwisho wa wiki, Jumatatu anakuta maji ya siku tatu na kuyaandika kama ya siku moja. Jumla ya mwezi ilikuwa sawa, lakini mtu akitafuta mvua kubwa ya siku humo atadanganyika vibaya sana.

Hilo la mapengo ndilo kubwa zaidi. Sifuri maana yake nimesoma, hapakuwa na maji. Pengo maana yake sijui. Mtu akijumlisha mwaka, mapengo yote hugeuka sifuri kimya kimya, na mwaka unaonekana mkavu kuliko ulivyokuwa. Mwambieni mwalimu aweke kistari pale ambapo hakusoma, na kama alikuta maji ya siku kadhaa aandike "jumla ya siku tatu". Asome saa tatu asubuhi kila siku, jicho likiwa usawa wa maji, akisoma kitako cha kibonde kinachofanywa na uso wa maji kwenye glasi. Maji ya saa tatu ya tarehe 12 mengi yalinyesha tarehe 11. Ofisi nyingine huyaandika 11, nyingine 12. Ndiyo maana ukilinganisha daftari na satelaiti siku kwa siku unaweza kuona havipatani kabisa, kumbe vimepishana siku moja. Linganisheni kwa dekadi, yaani siku kumi kumi, au kwa mwezi.

Tuje kwenye satelaiti. Umesema inaona dunia yote, na ni kweli, lakini mvua haioni. Satelaiti nyingi zinazotumika kutengeneza ramani hizi hupima joto la sehemu ya juu ya wingu. Wingu refu lenye kilele cha baridi kali huhesabiwa kuwa la mvua. Kanuni hiyo hufanya kazi vizuri kwa yale mawingu makubwa ya alasiri yenye radi. Sasa fikiria mvua yenu ya asubuhi wakati wa kusi, au ile ya mluati, mvua fupi za kati ya masika na vuli: wingu limelala juu ya mgongo wa mlima, si refu, kilele chake kina joto, na linanyesha taratibu kutwa nzima mpaka kabichi zinaoza. Kutoka juu halina dalili ya mvua. Mlima umelikamua kutoka chini, na aliye juu hajui. Hapo ramani hupungukiwa, na hii ni tabia inayojulikana ya milima kama yenu.

Kisha kuna ukubwa wa mraba. Ramani ya CHIRPS, inayotengenezwa Marekani na Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara pamoja na shirika la serikali ya Marekani la jiolojia (USGS), ina takwimu tangu 1981 na mraba wake una kama kilomita tano na nusu kila upande. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading huko Uingereza inaanzia 1983, na mraba wake ni kilomita nne hivi. Kwa nyika ya Dodoma huo ni udogo wa kutosha. Kwa ukingo wenu, mraba mmoja unaweza kubeba tambarare ya joto huku chini na mgongo wenye ukungu huku juu, na namba moja ikagawanywa kwa wote. Programu za simu mara nyingi ni pana zaidi. Nyingi huchota kwenye mifumo ya kompyuta ya dunia nzima, na mfumo maarufu wa Ulaya wa ERA5 una mraba wa kilomita 31. Kwenye mraba wa namna hiyo Usambara si mlima tena, ni kichuguu. Upepo hauna cha kuparamia.

Sitaki uondoke ukidhani ramani hizo ni za kutupa. Mimi mwenyewe nazitumia kila siku. Ramani inaweza kukosea kiasi lakini ikapatia mwenendo: mwaka ambao kwenu ulikuwa mkavu, mara nyingi nayo huonyesha ukavu. Na ina miaka zaidi ya 40 bila pengo, kitu ambacho mwalimu hana. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, nayo imeshachanganya vipimo vya vituo vyake na satelaiti kupata ramani za nchi, na kwa kuwa zinabeba vituo vingi vya nyumbani, ningezitazama hizo kabla ya za simu. Hata hivyo ramani yoyote ni werevu wa kukisia kati ya vituo, na vituo ni vichache. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unapendekeza kwa milimani angalau kipimamvua kimoja kwa kila kilomita za mraba 250. Sisi tulirithi mtandao wa misheni, mashamba ya mkonge na ya chai, ulioratibiwa na idara moja ya Afrika Mashariki mpaka jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Tangu miaka hiyo vipimamvua vingi vya kujitolea vimenyamaza. Kuna watafiti waliowahi kupiga hesabu ya midomo ya vipimamvua vya dunia nzima ambavyo takwimu zake zinapatikana, wakaona vyote vikiwekwa pamoja havijazi hata nusu ya uwanja wa mpira. Kwa hiyo msiione ndogo ile ndoo ya shule.

Na ile 1,070 ya Lushoto? Ni namba ya heshima, ya mahali pengine. Itumieni kama shahidi wa pembeni.

Sasa ushauri wenyewe. Msichague kati ya shule na ramani. Tumieni shule kuirekebisha ramani. Daftari la mwalimu ni fupi, na lina upendeleo usio kosa lake: vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na masika ya 2024 yalikuwa ya mafuriko sehemu nyingi za nchi. Wastani wa miaka mitatu yenye misimu kama hiyo lazima uwe juu. Fanyeni hivi. Chukueni miezi ambayo daftari limekamilika tu, na miezi hiyo hiyo itazameni kwenye ramani. Tuseme, kwa mfano, shule ina 1,290 kwa mwaka na ramani kwa kipindi hicho hicho ina 960. Shule ni mara 1.34 ya ramani. Kama ile 780 ni wastani wa ramani hiyo hiyo kwa miaka mingi, hakikisheni hilo kwanza, zidisheni: 780 mara 1.34 ni kama 1,050. Hiyo ndiyo namba ningeiamini kwa uwanja wa shule, nikiacha nafasi ya mia moja na hamsini hivi juu na chini. Masika na vuli zifanyieni hesabu tofauti, maana ramani hukosea kwa viwango tofauti kwa kila msimu. Na kama bwawa litakaa chini upande wa jirani, kopo likisharekebishwa ndilo litakalowaambia mpunguze kiasi gani.

Lakini fundi wenu amewauliza swali lenye kasoro. Bwawa halichimbwi kwa wastani. Nusu ya miaka, au karibu, itakuwa chini ya wastani, na hiyo ndiyo miaka mnayolihitaji bwawa. Chukueni miaka 40 ya ramani mliyoirekebisha, ipangeni kutoka mvua nyingi hadi chache, mtazame mwaka wa 32. Kiasi hicho hufikiwa au kupitwa katika miaka minane kati ya kumi; kwa hicho mpange ukubwa. Na kumbukeni si kila tone linafika bwawani. Bati la mita za mraba 200, mvua ikiwa milimita 1,000, linapokea lita 200,000, na kwa mfereji mzuri mtapata kama 160,000. Shamba lenye makinga maji hutoa sehemu ndogo sana ya hiyo, na ndivyo inavyopaswa.

Namba ya pili ambayo fundi hakuuliza ni mvua kubwa ya siku moja, ile ya kupimia njia ya kutolea maji yanayozidi. Kwa namba hiyo msitumie ramani wala simu, hata mkizirekebisha. Mraba husawazisha: dhoruba iliyomwaga maji kwenye bonde moja inagawanywa kwa kilomita zote na kuonekana mvua ya kawaida. Miaka mitatu ya shule nayo haitoshi, haijaona mabaya yote. Ombeni TMA takwimu za mvua kubwa za siku kwa kituo chao cha karibu.

Hapa ndipo ninaposema maandishi yangu hayatoshi. Kama tuta litakuwa juu ya nyumba, njia au shule, mhandisi wa maji lazima aje asimame pale mguu kwa mguu na aguse udongo. Miinamo ya Usambara huporomoka hata bila kubebeshwa maji. Kama mtachepusha kijito, hata kidogo, nendeni kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani mkaulize kibali, maana maji yenu yanaishia huko. Afisa kilimo wenu awasaidie kupima eneo linalokusanya maji, kazi ya asubuhi moja.

Wakati mnangoja majibu, mwombeni jirani alete kopo lake shuleni. Liwekeni mita mbili kutoka kipimamvua cha mwalimu, lisomwe saa tatu hiyo hiyo kila siku kwa msimu mmoja wa mvua. Mwisho wa msimu mtajua kopo linapunguza kwa kiasi gani, mtalirudisha uani kwake, na theluthi ile mliyoibishania mtaweza kuigawa: hii ya kopo, hii ya mlima. Nitumieni daftari zote mbili nikitakiwa. Mapengo myaache kama yalivyo, msijaze kwa kukumbuka.